UTITIRI WA KIJANI WA MIHOGO: ADUI MDOGO NA MLINZI WAKE

Karatasi hii yaeleza habari za viumbe wadogo sana wakaao chini ya majani ya mihogo, ambao mkulima huyaona madhara yao kila kiangazi asiwaone wao wenyewe. Makusudi yake ni mawili. La kwanza ni kumwezesha msomaji kumjua adui huyu, ukoo wake, na jinsi anavyoishi. La pili ni kumwonya asije akamwangamiza rafiki pamoja na adui. Kwa kuwa rafiki naye ni utitiri, hukaa juu ya mche ule ule, na asiyewapambanua hudhani kuwa wote ni kitu kimoja.

1. Dalili zake shambani

Nenda shambani mwako asubuhi, kiangazi kikiwa kimekwisha kukaza, ukavitazame vilele vya mihogo. Ukiona majani machanga yana vitone vidogo vya manjano, kana kwamba yamechomwa mara nyingi kwa ncha ya sindano, ligeuze jani ulitazame upande wa chini. Kama macho yako ni mazuri utaona vijivumbi vya rangi ya kijani vikitambaa polepole. Hao ndio utitiri wa kijani. Jike mzima hafiki nusu milimita kwa urefu, na dume ni mdogo kuliko jike.

Siku zikipita vitone huungana, jani hupoteza ukijani wake, hudumaa, husinyaa, na mwisho huanguka. Utitiri wakizidi, majani yote ya kileleni hupukutika, pakabaki kijiti kitupu kilichosimama mfano wa kinara cha mshumaa.

Hapa wakulima wengi hukosea, wakasema kuwa shamba limeingiwa na batobato. Lakini batobato ni ugonjwa mwingine kabisa. Ulielezwa na wataalamu tangu mwaka 1894, katika habari za mimea ya Usambara, na asili yake ni virusi viletwavyo na nzi weupe au na vipando vyenye ugonjwa. Jani la batobato lina mabaka mapana ya manjano na kijani, nalo hupindika na kukunjamana tangu linapofunguka, masika na kiangazi sawasawa. Jani la utitiri lina vitone vidogo vidogo, na ubaya wake huonekana zaidi wakati wa ukame.

Tofauti hii si jambo dogo. Mche wa batobato hauponyeshwi na mvua, tena hufanya ugonjwa uenee. Haufai kutolewa mbegu. Lakini mche ulioliwa na utitiri, mvua ikinyesha, huchipua tena majani mazuri. Mtu angʼoaye shamba zima kwa sababu ya utitiri ametupa kwa mikono yake chakula ambacho mvua ingalimrudishia.

Wala usidhani kwamba kwa kuwa mche hupona, basi hapana hasara. Jani ni jiko la mmea. Humo ndimo chakula hupikwa kwa nguvu za jua, kisha hushuka kuwekwa akiba mizizini. Jiko likiharibika, ghala haijai. Katika majaribio yaliyofanywa Afrika, hasara ya mizizi ilionekana kuwa tangu 13 hata 80 kwa mia, kwa kadiri ya ukame, aina ya muhogo, na umri wake. Mihogo ya miezi miwili hata tisa ndiyo iumiayo zaidi. Pamoja na mizizi, mwenye shamba hukosa kisamvu wakati ule ule mboga nyingine zimekauka, na mashina yake huwa dhaifu, hayafai kupandwa msimu ujao.

2. Utitiri si mdudu kamili

Kwa desturi ya lugha yetu, kila kiumbe kidogo kitambaacho huitwa mdudu, hata buibui na nge. Wataalamu wa wanyama hupambanua zaidi. Wadudu halisi, kama nzige, nyuki na vipepeo, wana miguu sita, wana papasio mbili kichwani, na mwili wao umegawanyika sehemu tatu. Buibui, nge, kupe na utitiri ni wa jamii nyingine: wana miguu minane, hawana papasio, wala hawaoti mabawa kamwe. Utitiri na kupe wana alama moja zaidi, nayo ni kwamba mwili wao ni kama kifuko kimoja, haukukatika kiunoni kama ule wa buibui.

Kutoijua tofauti hii kumewapotezea watu fedha nyingi. Dawa nyingi zilizotengenezwa kwa kuua wadudu hazimuui utitiri, kwa kuwa yeye si mdudu. Baada ya mwaka 1945, dawa iitwayo DDT ilipoanza kutumika mashambani katika nchi nyingi, wenye bustani za matunda waliona ajabu: wadudu walikufa, lakini utitiri waliongezeka kuliko zamani. Sababu yake ilikuwa wazi baadaye. Dawa iliwaua wale waliokuwa wakiwala utitiri, ikawaacha utitiri wenyewe bila mlinzi wa kuwazuia.

3. Koo za utitiri

Utitiri ni wengi mno, nao wamegawanywa katika koo. Mkulima hahitaji kuzijua zote, ila yafaa azijue tatu.

Ukoo wa kwanza huitwa Tetranikide, nao ndio ukoo wa adui yetu. Hao ni utitiri wanyonyao majani, na wengi wao hutoa nyuzi nyembamba kama buibui. Aina zaidi ya 1,200 zimekwisha kuelezwa na kupewa majina. Mmoja wao hula maharage, pamba, maua na mimea mingine mingi sana. Jina lake la kitaalamu ni Tetranychus urticae, alilopewa na Koch mwaka 1836. Mwingine, Tetranychus evansi, ni mwekundu, na wenye bustani za nyanya wamfahamu vizuri, kwa kuwa huufunika mche mzima kwa utando. Mwingine, Oligonychus coffeae, huonekana juu ya majani ya chai na kahawa. Na wa mihogo ni Mononychellus tanajoa.

Ukoo wa pili huitwa Eriofide. Hawa ni wadogo zaidi, wembamba kama mnyoo, nao wana miguu minne tu, jambo lisiloonekana katika utitiri wengine walio wengi. Mmoja wao hukaa chini ya vikombe vya dafu changa, na nazi ikikua huonyesha makovu ya kahawia yaliyopasuka.

Ukoo wa tatu huitwa Fitoseide. Hawa hawaishi kwa kuliharibu jani, bali wengi wao huwinda utitiri wengine na kuwala. Aina zao zilizokwisha kuelezwa zapita 2,000. Katika ukoo huu ndimo alimo rafiki wa mkulima wa mihogo, ambaye habari zake zitafuata.

Msomaji aweza kuuliza, viumbe wadogo hivi wapambanuliwaje? Mtaalamu humweka utitiri juu ya kioo, akamtazama kwa hadubini, akahesabu malaika ya mgongoni na miguuni, urefu wake na mahali pake. Akatazama pia makucha. Mara nyingine jike peke yake hatoshi, bali lazima apatikane dume, kwa maana aina mbili zifananazo sana hutofautiana katika umbo la kiungo cha uzazi cha dume tu. Kwa hiyo usiamini rangi peke yake. Utitiri wa aina moja aweza kuwa wa kijani au mwekundu, na wa aina mbalimbali waweza kuwa na rangi moja.

4. Maisha ya utitiri wa kijani

Jike hutaga mayai yake upande wa chini wa majani machanga. Yai ni la mviringo na dogo kama chembe ya vumbi. Kitoto kitokacho yaini kina miguu sita tu. Hula, hutulia bila kujongea, hujivua ngozi, ndipo kipate miguu minane. Baada ya hapo hupita hatua mbili nyingine, na katika kila hatua hula, hutulia, na kujivua, hata awe mzima. Penye joto, safari hii yote tangu yai hata utu uzima yaweza kumalizika kwa siku kadiri ya 12.

Chakula chake ni maji ya ndani ya jani. Mdomoni ana sindano nyembamba kupita unywele, naye huzichoma katika chembe za jani moja moja, akanyonya ukijani wake. Kila chembe iliyonyonywa hubaki tupu. Chembe tupu nyingi zilizo pamoja ndizo zile doa za manjano tuzionazo kwa macho.

Uzazi wake nao ni wa ajabu. Jike aliyepandwa huzaa majike na madume. Jike asiyepandwa pia hutaga, na mayai yake huanguliwa, lakini yote huwa madume. Kwa hiyo jike mmoja tu aliyepeperushwa na upepo mpaka shamba jipya aweza kuanzisha kizazi. Tuseme kila jike akiacha majike ishirini tu watakaokua. Katika kizazi cha kwanza watakuwa 20, cha pili 400, cha tatu 8,000. Na vizazi vitatu huweza kupita kabla kiangazi cha miezi miwili hakijaisha. Msomaji asistaajabu basi aonapo shamba lililokuwa zuri mwanzo wa ukame limegeuka vijiti kabla ya mvua.

Mvua ndiyo imvunjayo nguvu. Matone mazito humwosha majanini akaanguka na kufa, na muhogo hupata maji ya kuchipua upesi kuliko yeye anavyoweza kula. Tena wakati wa unyevu kuna kuvu ambayo humwingia mwilini na kumwua.

Huenea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni upepo, ambao humchukua toka mche hata mche na toka shamba hata shamba. Njia ya pili ni mkono wa mtu mwenyewe, anayebeba vipando vyenye utitiri katika macho yake na majani machanga, akavipeleka wilaya nyingine.

5. Safari tatu toka Amerika ya Kusini

Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Nchi yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioleta mbegu yake Afrika katika karne ya 16. Hiyo ndiyo safari ya kwanza. Muhogo ulipovuka bahari, wengi wa adui zake walibaki nyuma. Na kwa muda wa karne nyingi mababu zetu waliulima bila kumjua utitiri wa kijani.

Huko Brazil utitiri huyu alikuwapo, na mwaka 1938 mtaalamu aitwaye Bondar alimweleza na kumpa jina la tanajoa. Mwaka 1971 alionekana Uganda, karibu na Kampala. Hiyo ndiyo safari ya pili; yadhaniwa kuwa aliletwa pamoja na vipando vya mihogo toka ngʼambo. Kutoka Uganda alienea Kenya na Tanzania, akapita Kongo, na miaka 20 haikutimia kabla hajafika pwani ya Atlantiki. Alikuta mihogo tele na hapana wa kumzuia, kwa kuwa muhogo ulipofuatwa na adui, mla-adui alikuwa bado Amerika.

Ndipo wataalamu wakafikiri hivi: ikiwa katika nchi yake ya asili utitiri huyu yuko lakini haangamizi mashamba, lazima huko yuko amlaye. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, pamoja na wenzao wa Colombia na Brazil, walitafuta katika mashamba ya mihogo ya Amerika. Kwanza walileta utitiri wala-utitiri toka Colombia, wakaachiliwa mahali pengi Afrika, lakini hawakudumu. Baadaye walitafuta kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako kuna ukame kama kwetu. Mwaka 1993 mmoja wao, jina lake Typhlodromalus aripo, aliachiliwa Benin. Huyu alidumu, akaenea, na baadaye akapelekwa katika nchi nyingine nyingi zilimazo mihogo, pamoja na Kenya na Tanzania. Hiyo ndiyo safari ya tatu. Katika mashamba ya Benin yaliyopimwa, mavuno yaliongezeka kwa kadiri ya thuluthi moja, na mkulima hakununua kitu.

6. Mlinzi na desturi zake

Mlinzi huyu ni wa ukoo wa Fitoseide. Mchana hujificha ndani ya kilele cha mche, katikati ya majani ambayo hayajafunguka. Usiku hutoka, hushuka majanini, na kuwinda. Akikosa utitiri wa kutosha hafi njaa mara moja, kwa maana aweza pia kula chavua ya mahindi na utomvu utokao katika mmea. Ndiyo sababu hudumu shambani hata adui akiwa haba, na ukame ukirudi humkuta yupo.

Kumtafuta si vigumu. Mchana, chuma kilele kimoja cha muhogo, ukifungue polepole juu ya karatasi nyeupe. Kama unacho kioo cha kukuzia, utaona vizuri zaidi. Utitiri wa kijani hutulia au hutambaa polepole. Mlinzi hungʼaa, nawe utamjua kwa mbio zake, kwani hatulii. Tazama vilele kadhaa, si kimoja tu, kabla ya kusema kuwa hayupo.

Aina za mihogo hazimfai sawasawa. Ile ambayo vilele vyake vina manyoya laini, kama malaika ya mkononi, humpa maficho mazuri, naye hudumu humo kuliko katika vilele vitupu.

7. Kazi ya mkulima

Kwanza, panda mapema, mvua zianzapo. Muhogo uliopata miezi kadhaa ya mvua huingia katika kiangazi ukiwa na mizizi na majani ya kutosha; uliopandwa mwisho wa mvua hukutwa mchanga na adui.

Pili, chagua vipando katika mashina mazima, manene, yasiyo na utitiri wala batobato. Kama una shaka, changanya maji yachemkayo na maji baridi, kipimo kwa kipimo kilicho sawa, uvitumbukize vipando mara moja, uviache dakika tano hata kumi, kisha uvipande. Maji hayo huua utitiri yasiliue jicho la muhogo.

Tatu, ukiweza kupata aina yenye malaika kileleni, ipande, japo mistari michache kati ya aina uipendayo.

Nne, usinyunyize dawa ya sumu katika mihogo. Gharama yake hupita faida. Kisamvu huliwa na watoto wako. Na mlinzi aliye kileleni atakufa kabla ya adui. Shamba lililonyunyiziwa laweza kuharibika zaidi kuliko lile ambalo halikuguswa.

Tano, unapochuma kisamvu, usikate vilele vyote vya shamba kwa siku moja. Kumbuka kwamba humo ndimo nyumba ya mlinzi. Acha miche mingi na vilele vyake.

Sita, usilete vipando wala vilele toka wilaya nyingine bila shauri la bwana shamba au bibi shamba. Utitiri huyu alienea Afrika kwa mzigo wa namna hiyo hiyo. Ukiona mlinzi hayupo kwako, mwulize yeye. Wapo wanaojua namna ya kumhamisha bila kuhamisha ugonjwa.

8. Mambo ya kukumbuka

Vitone kama vya sindano, majani yasinyaayo kileleni wakati wa ukame, na vijivumbi vya kijani chini ya jani: huyo ni utitiri. Mabaka mapana na majani yaliyokunjamana wakati wote: hiyo ni batobato. Usiuchukulie ugonjwa mmoja kuwa mwingine.

Usingʼoe mihogo iliyoliwa na utitiri, ngoja mvua.

Si kila utitiri ni adui. Atuliaye na kunyonya ndiye mwivi. Mwenye mbio, aliye kileleni, ndiye mlinzi.

Basi, msomaji, kabla ya kuchukua jembe la kungʼolea au bomba la dawa, geuza jani, fungua kilele, utazame. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo yaweza kukuokolea chakula cha mwaka mzima.